Jaribio Hutangulia Imani: Nasaha kwa Wanunuzi wa Kompyuta na Simu wa Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka, baina ya Oktoba na Januari, korosho za Nachingwea na Ruangwa zinapopimwa katika maghala ya vyama vya msingi, zikapelekwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo ya wakulima yakashuka katika akaunti zao za benki, huanza msimu mwingine usioandikwa katika kalenda ya kilimo, nao ni msimu wa kununua simu, kompyuta mpakato, flashi, spika na kila kitu chenye waya na betri. Mzee aliyevumilia mwaka mzima, akiipulizia mikorosho yake salfa kuikinga na ubwiriunga, huipata fedha yake kwa jasho la halali, na kijana wake aliyehitimu kidato cha sita humweleza kwamba maombi ya chuo, ya mkopo wa masomo na ya kazi siku hizi hayapelekwi kwa karatasi bali kwa mtandao. Hoja ya kijana ni ya haki, wala sina la kuipinga. Lakini kati ya haja iliyo ya kweli na kitu kinachonunuliwa kwa sababu ya haja hiyo pana mwanya mkubwa, na fedha nyingi ya korosho hupotelea hapo.

Nasaha nitakazozitoa sikuzipata katika vitabu peke yake. Nyingi nimezipata mezani, kwa kufungua mashine za watu, kusoma jumbe walizotumiwa, na kusikiliza malalamiko ya waliokwisha kulipa. Zinahusu mambo mengi yanayoonekana kuwa mbalimbali, lakini asili yake ni moja, nayo ni kwamba jaribio hutangulia imani. Mashine ijaribiwe kabla ya kulipiwa, flashi ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa kazi, ujumbe uthibitishwe kabla ya kutiiwa, na nakala ifunguliwe kabla ya kutegemewa. Mwenye kuishika kanuni hii ataweza kuyatafutia jawabu mwenyewe hata mambo ambayo sikuyagusa.

Wakazi wa Nachingwea hawana haja ya kufundishwa kanuni hii kwa mifano ya nchi za mbali, maana ardhi yao wenyewe ni shahidi. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutoka Uingereza kuitazama Afrika ya Mashariki, ukazunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi ukiiangalia kutoka angani, kisha ukatoa ushauri kwamba zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika, zilimwe karanga kwa mashine. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyokwisha kutumika yakakusanywa katika masalio ya vita, mengi yakafika yakiwa mabovu. Udongo wa Kongwa ukakauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kuyashinda majembe. Na mvua haikunyesha kama ilivyotarajiwa. Huku kusini bandari ikajengwa Mtwara na reli ikalazwa mpaka Nachingwea kwa ajili ya kusafirisha shehena za karanga ambazo hazikupatikana. Januari 1951 mradi ukafutwa, hasara yake ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi, na reli nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Waliopanga mradi ule hawakukosa elimu, wala fedha, wala mashine. Walichokikosa ni subira ya kulima shamba dogo la majaribio, wakaona kwanza udongo na mvua vinasemaje, ndipo wafungue mfuko. Mwenye laki tano mkononi hutofautiana nao kwa kiasi cha fedha tu. Kosa lipo palepale.

Basi jambo la kwanza ni kuijua kazi kabla ya kuichagua mashine. Mwalimu anayetunga mitihani na kujumlisha alama, karani wa chama cha msingi anayeandika orodha ya wakulima na uzito wa magunia yao, na mwanafunzi anayetayarisha maombi, hawa wote hawahitaji kompyuta ya kuhariri filamu wala ya michezo. Wanahitaji mashine yenye RAM ya gigabaiti 8, hifadhi ya aina ya SSD, kibodi isiyoruka herufi, na betri itakayostahimili umeme unapokatika. Juu ya SSD nataka kusema kwa mkazo. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake, kwa hiyo mtikisiko huidhuru, na asiyeijua mitikisiko na apande basi la kwenda vijijini wakati wa masika. SSD haina kiungo kinachozunguka, husoma haraka zaidi, na kompyuta kuukuu iliyobadilishiwa diski ya zamani ikatiwa SSD hupata uhai ambao mwenyewe hakuutazamia. Aghalabu mwenye mashine nzito ya polepole nyumbani hufaidika zaidi kwa kumpelekea fundi abadilishe diski kuliko kwa kununua mashine nyingine ya mtumba yenye maradhi asiyoyajua.

Jambo la pili ni umri wa mashine, ambao kibandiko cha nje hakiusemi. Maneno "Core i5" yaliyobandikwa karibu na kibodi yamewahadaa wengi, kwa sababu yapo kwenye kompyuta za miaka mingi tofauti. Kinachoeleza umri ni namba inayofuata. Prosesa iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na iliyoandikwa i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa sasa, maana tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, hutaka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache mno. Wapo wauzaji wanaoilazimisha Windows 11 iingie katika mashine za kizazi cha 4 au cha 6 kwa njia za mkato, na mashine huwaka vizuri mbele ya mteja. Lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine kama hizo zitaendelea kupata masasisho. Simaanishi kwamba mashine ya kizazi cha 6 itupwe. Namaanisha kwamba bei yake iwe ya umri wake, na kwamba mwenye nayo ajue kuna mifumo huru isiyolipiwa, kama Linux Mint, inayofanya kazi vizuri katika mashine za namna hiyo, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na kupiga hesabu. Programu za ofisi zilizo huru si ngeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa OpenOffice kwa lugha ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Ukiisha kuijua kazi na umri, keti mezani kwa muuzaji ujaribu. Muuzaji mwema hamchukii mteja anayejaribu, na anayechukia amekwisha kukupa jawabu. Iwashe mashine ikiwa imechomolewa chaja, uione betri ikifanya kazi peke yake. Fungua ukurasa wa kuandika, ubonyeze kila herufi. Nilimwona mama mmoja, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajui kompyuta, akimsindikiza mwanawe dukani Nachingwea. Alimwambia muuzaji aandike jina kamili la kijana, la baba yake na la kijiji chao, na herufi ya M, ambayo katika majina ya kwetu haikwepeki, haikutokea ila kwa kugongwa mara mbili. Bei ikashuka papo hapo. Chomeka flashi katika kila tundu, fungua kamera, cheza sauti, unganisha mtandao kwa simu yako. Kisha fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, andika humo powercfg /batteryreport, na kompyuta itatengeneza ukurasa wenye habari za betri. Tafuta mstari wa DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na mstari wa FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo uliosalia. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 20,000, betri hiyo imebakiwa na asilimia 40 tu, na muuzaji anayesema inakaa saa sita atakuwa anasimulia ujana wake. Mwisho izime, uiwashe ukibonyeza F2, F10 au Delete kwa kadiri ya kampuni iliyoitengeneza, uone kama itakudai neno la siri ambalo muuzaji halijui. Ikidai, ondoka, maana kufuli hilo huenda liliwekwa na mwenye mali wa kwanza, na huna hakika mali hiyo ilitokaje mikononi mwake.

Simu nayo ina mtihani wake. Piga *#06# upate namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, na jibu litakueleza ni simu ya kampuni gani na aina gani. Likija jina lisilofanana na simu iliyo mkononi mwako, usisikilize maelezo. Tusisahau kwamba usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua kwa kuangalia umbo peke yake wakabaki na vipande vya plastiki. Kwa simu ya mtumba ongeza jaribio moja: mwambie muuzaji aifute yote irudi katika hali ya kiwandani mbele yako, kisha uiwashe wewe. Ikiomba akaunti ya Google ya mtu mwingine, au ikijionyesha kuwa ni simu ya mkopo ambayo mwenye deni hajamaliza kuilipia, basi ulikuwa karibu kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwani simu za mkopo zinaweza kufungwa kutoka mbali na mkopeshaji, hata zikiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia.

Baada ya kujaribu ndipo huja kulipa, na kulipa bila risiti ni kuitupa haki yako kwa hiari. Mashine za risiti za kielektroniki zimekuwapo nchini tangu 2010, na wito wa Mamlaka ya Mapato kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, watu wengi huufikiria kuwa ni wa kodi tu. Kumbe una manufaa makubwa zaidi kwa mnunuzi. Omba risiti iandikwe jina la kifaa pamoja na namba yake ya IMEI au ya kiwandani, na muda wa dhamana uandikwe kwa mkono chini yake ukiwa na saini. Katika maduka mengi utakuta tangazo lisemalo mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo ni la muuzaji, si la nchi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zinazomlinda mlaji dhidi ya udanganyifu, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyokabidhiwa kuisimamia. Lakini hata sheria iliyo bora humwuliza mlalamikaji ushahidi wake, na ushahidi ni risiti. Anayeagiza kutoka Kariakoo kwa picha alizoziona katika simu asitume fedha kwa sura njema ya picha. Amtume ndugu aliyeko Dar es Salaam aende dukani, afanye majaribio niliyoyataja, alipe, achukue risiti, ndipo mzigo upandishwe basi. Na mzigo ukifika, ufunguliwe mbele ya shahidi huku simu ikirekodi, ili hitilafu ikionekana pasiwe na mabishano iwapo ilitokea njiani au ilikuwamo tangu dukani.

Kifaa kizuri huweza kuuawa nyumbani. Umeme wetu wa volti 230 ukikatika ghafla na kurudi ghafla, mara nyingi hurudi kwa kishindo, ukipanda na kushuka kabla ya kutulia. Kwa hiyo ukikatika, chomoa, na ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS, ambayo humpa dakika za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa adabu. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro wala mto, kwa sababu matundu yake ya hewa huziba, na vumbi jekundu la kwetu, ambalo huingia hata katika nyumba yenye mapazia mazito, liondolewe na fundi kila baada ya muda. Wana wa Ruangwa, ambao wilaya yao ina madini ya kinywe, na wajue kwamba upande mmoja wa betri za simu na kompyuta hutengenezwa kwa kinywe hicho hicho, na kwamba adui mkubwa wa betri hizo ni joto. Simu inayochajiwa juani dirishani, au chini ya mto usiku kucha, huzeeka kabla ya siku zake. Inayowekwa kivulini na kuchajiwa ikiwa baina ya asilimia 20 na 80 kwa matumizi ya kila siku huishi zaidi.

Sasa nije kwenye kitu kidogo chenye hila kubwa, yaani flashi. Zinauzwa flashi na kadi za kumbukumbu zilizoandikwa gigabaiti 512, hata terabaiti 2, kwa bei ambayo haingetosha kununua gigabaiti 64 ya kweli. Ndani ya kila flashi mna kijisehemu kinachoiarifu kompyuta ukubwa wake. Walaghai hukiandika upya kijisehemu hicho kiseme uongo. Ukinakili mafaili yako, yote yataonekana kuingia, majina yataorodheshwa, lakini hifadhi ya kweli ikijaa, yaliyozidi hupotea au huyaharibu yaliyotangulia, na mwenyewe hugundua miezi kadhaa baadaye anapofungua picha za arusi akakuta ukurasa mtupu. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha huisoma tena, ikatoa hukumu. Asiye na programu hiyo aijaze flashi kwa filamu mpaka ikatae, aichomoe, aichomeke, kisha afungue za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikicheza zote mpaka mwisho wake, flashi ni ya kweli.

Flashi ina balaa jingine, nalo huchukuliwa stesheneri. Huko kila mtu huchomeka yake katika kompyuta moja, na virusi huhama kama wahamavyo abiria. Dalili iliyo maarufu ni mafaili yote kugeuka vialama vya njia ya mkato visivyofunguka. Wengi hufadhaika wakaifuta flashi nzima, ilhali mara nyingi mafaili yao yamo, yamefichwa tu. Katika kompyuta iliyo salama, yenye kinga ya virusi inayofanya kazi, usibonyeze kialama chochote. Fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka mahali pa E herufi ya flashi yako, na yaliyofichwa yatatokea. Yanakili, kisha ndipo uisafishe flashi. Na ili balaa lisikufike, uwe na flashi ya safari isiyo na kitu ila faili unalokwenda kuchapisha, au ulipeleke faili kwa barua pepe.

Juu ya stesheneri nina neno zito zaidi kwa wazazi na wahitimu. Katika miji yetu kijana hufunguliwa barua pepe na akaunti za maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo au za Ajira Portal na mhudumu wa stesheneri, naye mhudumu, kwa haraka na si kwa ubaya, huweka namba yake ya simu na neno la siri analolitumia kwa wateja wote. Mwaka ukipita, kijana anahitaji kurekebisha maombi, mhudumu amehama au ameshasahau, na namba za uthibitisho zinakwenda katika laini isiyokuwapo tena. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa namba ya mwombaji mwenyewe, neno la siri aliandike yeye kwa vidole vyake, na kabla ya kuondoka atoke katika akaunti, kisha ajaribu kuingia tena kwa simu yake. Neno la siri liwe refu: maneno manne yasiyohusiana, na mojawapo likiwa la Kimwera, Kimakonde au Kiyao ni zuri zaidi kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, ambavyo mtaa mzima unavijua. Na palipo na uthibitisho wa hatua mbili, uwashwe.

Katika mambo ya fedha ya simu, ujumbe usemao "ile hela itume kwenye namba hii" umekwisha kuwa hadithi ya taifa zima, lakini bado unawapata watu, na sababu yake ni hesabu tu. Mlaghai hakujui, huutuma kwa namba nyingi kwa kubahatisha, akitumaini kwamba kati ya hao atakuwapo mmoja anayedaiwa ada, kodi ya nyumba au ujira wa vibarua wa palizi, naye siku hiyo hiyo alikuwa anakwenda kutuma. Dawa yake ni kumpigia unayemjua kwa namba uliyoihifadhi zamani, na sauti yake uisikie. Kadhalika ukiletewa ujumbe kwamba umepokea fedha, na mara mtu akapiga kwa kilio akidai amekosea namba, usiuamini ujumbe wala kilio. Fungua menyu ya huduma yenyewe uangalie salio. Ikiwa fedha imeingia kweli, mwelekeze apige 100 kwa huduma kwa wateja wa mtandao wake, irejeshwe kwa utaratibu. Neno lako la siri halihitajiwi na mfanyakazi yeyote wa benki wala wa kampuni ya simu. Ujumbe wa ulaghai upeleke kwenye namba 15040, na mara kwa mara piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda katika duka la mtandao huo uifute. Wazee wangu, mwezi wa malipo ya korosho ndio hasa mwezi wa kuyashika haya.

Mkulima wa huku anaijua kangomba: mtu mwenye shida huiuza korosho yake kwa kibaba, kabla ya msimu na kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi anayekuja usiku na fedha taslimu. Mikopo ya baadhi ya programu za simu, ambayo watu wameiita kausha damu, ni kangomba iliyohamia mtandaoni. Fedha huja kwa dakika chache bila dhamana, na dhamana ya kweli imefichwa katika ruhusa uliyoibonyeza bila kusoma, iliyompa mkopeshaji orodha ya majina yote katika simu yako, ili siku ukichelewa awaandikie wakwe zako na mkuu wako wa kazi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Kabla ya kukopa, tazama kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, soma jumla utakayolipa na siku ya kuilipa, na programu ikidai kuona majina na picha zako, ikatae. Taarifa zako ni mali, na nchi imekwisha kuzitungia sheria ya kuzilinda, ya mwaka 2022.

Bando nalo huliwa na asiyealikwa. Ukiiunganisha kompyuta na mtandao wa simu yako, Windows huudhani mtandao huo hauna mwisho, ikaanza kupakua masasisho; ingia katika mipangilio ya waifai, uuwekee alama ya metered connection, nayo itajizuia. Katika WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendea wenyewe. Na kwa kuwa Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima, na mwezi uo huo barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatwa na mafuriko huko Somanga, mtu mwenye busara huweka kwake yale asiyoweza kuyakosa. Programu ya Kiwix huwezesha Wikipedia ya Kiswahili kusomwa bila mtandao wowote. Shule yenye kompyuta chache zisizo na bando ingepata maktaba bila gharama.

Nimeiacha nakala iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo inayosahauliwa mpaka siku ya msiba. Simu hubadilishwa, kompyuta hununuliwa nyingine, lakini orodha ya wanachama, alama za wanafunzi, picha ya marehemu na hati ya shamba havinunuliwi. Weka nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje inayokaa mbali na kompyuta hiyo, ya tatu mtandaoni au kwa ndugu wa kijiji kingine, ili wizi au moto wa nyumba moja usizikumbe zote. Kisha, angalau kila mwanzo wa mwezi, fungua faili mojawapo kutoka katika kila nakala na ulisome, kwa sababu nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu.

Nawasihi wenye vyama vya msingi, walimu wakuu na wazazi wa Nachingwea na Ruangwa wasiyaache mambo haya kwa vijana peke yao kwa kisingizio kwamba mashine ni za kizazi chao. Kumwambia muuzaji aandike jina la mtoto, kudai risiti, kumpigia unayemjua kabla ya kutuma fedha, na kufungua nakala ili kuiona, havihitaji cheti cha chuo chochote. Na mtu yeyote atakayekuharakisha ulipe kabla hujajaribu, awe dukani au katika simu, mwache na bidhaa yake.